Kamba Iliyonyweshwa Maji

Kamba ya chuma hainywi maji. Nianzie hapo, maana hapo ndipo ugomvi wangu na baba yangu ulipoanzia, na mpaka leo nikisikia mtu anasema kamba "inywe maji kwanza" damu hunichemka. Kamba ya katani, sawa. Kamba za pamba za nyavu za zamani, sawa kabisa. Wavuvi wa ziwa hili wamezinywesha kamba zao tangu enzi za mababu na hawakukosea. Lakini chuma, jamani! Chuma kinywe maji kiende wapi?

Kazi yangu ni kukata kamba. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndiyo kazi inayonilipia nyumba Migosi. Kwenye karakana yetu Kisumu, upande wa viwanda, tuna mashine ya kuvuta. Unafunga kipande cha kamba ya waya kwenye taya zake, huku na huku, mashine inavuta polepole mpaka kamba inashindwa, na sindano inakuonyesha ilibeba uzito gani kabla ya kukatika. Wateja wetu ni wenye kreni, wenye lifti za majengo, na siku hizi wenye mashimo ya dhahabu, wale wachache wanaojali.

Si mashine peke yake. Kuna macho na kuna vidole. Unachukua kitambaa kikuukuu, unakizungushia kamba, unatembea nacho taratibu, na pale ambapo waya imekatika kitambaa kinakwama. Unapima unene, maana kamba ikikonda ujue inaliwa. Na kuna kitu ambacho wengi hawakijui: kamba ya waya ina moyo. Waya nyembamba zimesokotwa kuwa misuko, na misuko imezungushwa juu ya uzi mnene wa katikati, na uzi huo, kwenye kamba nyingi, si chuma. Ni katani iliyolowekwa mafuta kiwandani. Huo moyo ndio unaoilainisha kamba kutoka ndani. Ukioza, kamba inakufa kuanzia katikati na huku nje inang'aa. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Baba yangu alivua Port Victoria mpaka samaki wakapungua na magoti yakakataa kuingia majini alfajiri. Alipoacha ziwa hakuacha kamba. Kaka yangu, mdogo wangu wa pekee, alikuwa ameshaenda kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya upande wa Bondo, na baba akamfuata. Umri wa kushuka chini ulikuwa umempita. Mwenye shimo aliitazama mikono yake, akaona ni mikono ya mtu aliyefunga mafundo maisha yake yote, akamwachia winchi, ile mashine ya kuzungushia kamba, na kamba yake aitunze. Wachimbaji wakamwita Mzee wa Kamba. Baba alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Shimo lenyewe linashuka wima, jembamba, na ndani yake hakuna ngazi. Mwisho wa kamba kuna ndoano, na kwenye ndoano kumefungwa kijiti. Mchimbaji anakalia kijiti, anashika kamba kwa mikono miwili, injini inanguruma, anazama. Kamba hiyo hiyo ndiyo inayopandisha magunia ya mawe, na jioni ndiyo inayowapandisha watu. Hakuna nyingine. Kila asubuhi mtoto wa mama yangu alikuwa akikalia kile kijiti, anafanya ishara ya msalaba, na kuning'inia juu ya giza kwa kamba iliyotunzwa na baba yetu.

Nilienda kuwatembelea Jumapili moja, nimebeba unga na sukari na mafuta ya kupikia. Injini ilikuwa kimya kwa sababu Jumapili hawachimbi. Nikawakuta wamekaa nje ya kibanda, baba anakunywa chai, kaka anafua nguo. Mimi ni mtu wa kamba, na mtu wa kamba haachi kuangalia. Nikaangalia winchi. Ilikuwa tupu.

"Baba, kamba iko wapi?"

"Inapumzika."

Akanionyesha kwa kidevu. Nyuma ya kibanda palikuwa na mtumbwi wake wa zamani, ule ule niliokuwa nikiukalia nikiwa mdogo akinipeleka kuona nyavu. Aliusafirisha kutoka ziwani mpaka kule porini kwa mkokoteni, nami siku zote nilidhani ni kwa sababu ya mapenzi tu. Ulikuwa umejaa maji mpaka ukingoni. Ndani ya maji, imejikunja, ilikuwa kamba ya winchi.

"Umeiweka kamba ndani ya maji?"

"Sijaiweka. Nimeinywesha." Alitabasamu. Baba huniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. "Mama, umesahau? Kamba kavu ina kiburi. Inakatika bila kukuaga. Ikinywa maji inatulia, inashika."

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu nilipoingia hapa. Kila Jumapili. Watu wanaenda kanisani, kamba inaenda majini. Jumatatu naipaka grisi, inang'aa hiyo! Hata mwenye shimo mwenyewe anasema haijawahi kupendeza hivi."

Nilimpigia baba yangu kelele, mbele ya kaka yangu, mbele ya majirani waliokuwa wakitoka ibada, na sijutii. Nilimwambia maji yanapenya katikati ya waya mpaka kwenye moyo wa katani. Nilimwambia grisi anayoipaka Jumatatu inayafungia maji humo ndani, kama kufunika sufuria. Nilimwambia kutu ya kamba haipigi hodi, inaanzia ndani, na siku utakayoiona nje utakuwa umeshanunua sanda. Alinisikiliza huku anapuliza chai yake.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Mimi nimeshika kamba kabla mama yako hajazaliwa akilini mwa Mungu," alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Yawa! Mimi ndiye niliyeambiwa hayo. Mimi ninayeshinda mchana kutwa nikisikia kamba zikikatika.

Nikachomoa kitambaa kwenye mkoba nikaelekea kwenye mtumbwi niikague kamba angalau kwa mkono. Hapo ndipo mwenye shimo alipotokea, mtu mwenye tumbo la heshima na simu mbili, amevaa suruali nyeupe mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayethubutu kuvaa nyeupe. Akanizuia kwa kiganja.

"Madam, hapo usifike. Mwanamke akishika kamba ama akisogelea mdomo wa shimo, dhahabu inakimbia."

Wanawake wanaoponda mawe yake pale nje toka asubuhi, vumbi kwenye mapafu na watoto mgongoni, hao dhahabu haiwakimbii. Wanawake wanaomwoshea huo mchanga mpaka vidole vinachubuka, hao pia dhahabu inawavumilia. Inamkimbia tu yule anayeuliza habari ya kamba. Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba kamba yake imeoza na kwamba ataua watu.

"Nani amekuambia imeoza? Umeipima?"

"Niruhusu niipime."

"Madam, ajali haina kinga," alisema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Tunamwachia Mungu."

Naichukia hiyo methali. Nasema wazi, naichukia. Nimeisikia makaburini zaidi ya ninavyosikia amina. Kamba inakatika, mtoto wa watu anaanguka, anakuja mtu mwenye maikrofoni anasema ajali haina kinga, na wenye makosa wote wanapumua. Kinga iko! Kinga ni kitambaa kikuukuu na dakika chache za kutembea na kamba. Mungu alikupa macho, hukuyatumia, sasa unataka ashuke mwenyewe akukagulie winchi?

Nilimvuta kaka yangu pembeni. Nilidhani huyo atanielewa, ni kijana, amesoma mpaka kidato cha nne.

"Usikalie tena kile kijiti," nikamwambia. "Rudi na mimi Kisumu. Utalala sebuleni mpaka tupate kazi nyingine."

"Dada, hiyo kamba imezoea. Ni ya siku mingi na haijawahi sumbua."

"Kamba haizoei! Kamba inachoka!"

Alikamua shati lake, akalitundika, akalinyoosha kola bila haraka. "Wewe fikiria tu," alisema. "Nikikataa kushuka na kamba ya mzee, nimemwambia nini mzee? Alipoacha ziwa alikuwa hata haongei. Si unakumbuka? Saa hii watu wanamsalimia. Mimi nikikataa, nani atashuka?"

Kumbe alikuwa anajua. Labda si yote, lakini alinisikia, na alikuwa tayari kuendelea kuning'inia humo kila siku ili baba asione aibu. Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilimkasirikia yeye kwa wema wake, nikamkasirikia baba kwa kuhitaji wema wa namna hiyo, na nikarudi Kisumu bila kuaga.

Niliipigia simu ofisi inayohusika na mambo ya machimbo. Mtu wa upande wa pili alikuwa na adabu sana. Alisema watakuja kukagua wakipata gari. Nilipiga tena, akasema gari limepatikana lakini halina mafuta. Nilipopiga mara nyingine aliitambua sauti yangu na akakata.

Basi nikabaki na baba. Kila jioni nampigia, kila jioni tunagombana. Nilimtumia picha za kamba zilizofunguliwa, zimeliwa ndani, akasema hizo ni kamba za watu wasiojua kutunza. Mwishowe nikamchokoza palipo na kidonda. Nikamwambia, "Kama una hakika na kamba yako, mbona unaogopa mashine? Kata kipande cha mwisho niletee. Tukivute tuone."

Nilisikia akiweka kikombe chini.

"Sawa," alisema. "Lakini nitakuja nacho mwenyewe. Sitaki mtu aionee kamba yangu."

Alikuja siku ya kazi, asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya rangi ya nyumba. Mlinzi wa geti alidhani analeta samaki. Baba aliiweka ndoo juu ya meza yangu, akafungua mfuniko taratibu, na humo ndani, kwenye maji safi, kilikuwa kipande cha kamba kimekunjwa.

"Nimekinywesha kabisa," alisema. "Ili kisionewe."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kuitupa ndoo nje ya dirisha. Alikuwa ameipakata tangu Bondo ili isimwagike. Laiti baba yangu angekuwa mwongo! Mwongo ningejua la kumfanya. Huyu alikuwa anaamini, na alikuja kuitetea kamba yake kama mzazi anavyoenda kumtetea mtoto shuleni.

"Na iliyobaki?" nikamuuliza.

"Iko kazini. Nilifunga ndoano upya kwenye mwisho. Vijana wameshuka asubuhi."

"Na kaka?"

"Si ameshuka. Angekuwa wapi tena?"

Kwa nini nilidhani watasimamisha kazi kungoja majibu? Sijui. Nilichukua kwanza kipande cha kamba mpya, unene ule ule, nikakifunga kwenye mashine ili baba aone kamba nzima inavyovutwa. Sindano ilipanda, ikapanda, ikaendelea kupanda, baba akiifuata kwa kidole hewani. Kamba ilipokatika kishindo kilimfanya aruke. Akacheka kidogo, akajifuta koti.

"Hiyo ni nguvu," alisema. "Sasa weka ya kwangu. Utaona."

Nikaifuta ya kwake maji, nikaifunga, nikawasha. Sindano ilianza vizuri. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu tukasikia sauti ndogo, tik, kimya, tik tik, kama mafuta ya kukaangia yakiingiwa na maji.

"Ni nini hiyo?"

"Ni waya za ndani, baba. Zinakatika moja moja."

"Lakini nje haijakatika."

"Nje haijui bado."

Sindano haikufika hata nusu ya pale ilipofika ile nyingine. Kamba haikupiga kishindo. Iliachia tu, kinyonge, na vumbi jekundu likamwagika kwenye sahani ya mashine. Nilizima. Vijana wa kuchomelea waliacha kazi wakatazama.

Baba aliomba kipande. Nilimpa. Akakifungua kwa vidole gumba, msuko baada ya msuko, vile nilivyozoea kumwona akifungua nyavu zilizojifunga, mpaka akafika kwenye moyo. Haukuwa tena uzi. Ulikuwa kitu cheusi, chepesi, kikaanguka vipande vipande kwenye kiganja chake. Akakisogeza puani akanusa.

"Otop," alisema. Imeoza. Ni neno la Dholuo, na kwetu ndilo neno la samaki aliyelala sana.

Na hapo hasira ilinipanda upya, afadhali niseme ukweli. Miezi yote ile nilimwambia kwa mdomo, kwa simu, kwa picha, kwa machozi. Neno langu halikumtosha. Alihitaji pua yake. Nilikuwa nafungua kinywa kumwambia hayo yote alipogeuka akaniangalia, na uso wake ulikuwa umekwisha.

"Mama," alisema, "mtoto yuko chini."

Tuliwapigia simu watu wa winchi. Aliyepokea ni kijana anayeendesha injini, na nyuma yake niliisikia ikinguruma.

"Zima injini!" baba alisema.

"Mzee? Sikusikii, tunapakua gunia hapa juu."

"Nimesema zima! Kamba ni mbovu. Mtu asikalie kijiti. Zima!"

Injini ilizimika. Kisha sauti nyingine ikachukua simu, ile sauti ya mtu aliyeshiba. Mwenye shimo alisema baba asilete hofu bure. Alisema kamba iliyowashusha asubuhi haitashindwa kuwapandisha. Wacha wafanye kazi yao, watoke nayo jioni, halafu mengine tutaongea kesho.

Nilimpokonya baba simu. Niliyoyasema siyaandiki hapa, mama yangu naye atayasoma haya. Baba aliichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaomba arudishiwe kijana wa injini, na akazungumza naye polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani wakati mawimbi yamechafuka.

"Nenda ufuoni. Uliza wale wazee niliovua nao. Waambie nataka kamba nene ya katani, ile ya kuvutia mitumbwi nchi kavu, na waje nayo wao wenyewe, watu wenye mikono. Nimekuja."

Sikumbuki lolote la safari ile isipokuwa magoti ya baba. Alikuwa bado ameipakata ile ndoo, tupu sasa, na hakuna aliyemwambia aiweke chini.

Tulipofika, kamba ya katani ilikuwa imeshaletwa kwa bodaboda. Wazee wa ufuoni walikuwa wamesimama wameishika, na mwenye shimo alikuwa anabishana nao kwamba wanamharibia siku. Kutoka chini zilikuja sauti za watu wakiuliza kuna nini. Niliijua ya kaka yangu. Baba hakumsalimia mtu. Alichukua kamba ya katani, akaiburuta mpaka kwenye mtumbwi wake, akaizamisha yote majini, akaikandamiza kwa mikono.

"Hii inywe," alisema, akanitazama.

Hii ilikuwa haki yake. Katani iliyolowa haichubui kiganja wala haitelezi, na hakuna mashine yangu inayoweza kumfundisha baba hilo.

Wakaishusha. Nilitembea mpaka mdomoni mwa shimo, mimi mwanamke, nikapiga magoti ukingoni kabisa niwaelekeze waliokuwa chini jinsi ya kujifunga kifuani na chini ya mapaja. Mwenye shimo alifungua kinywa. Hakuna aliyemgeukia. Dhahabu kama ilitaka kukimbia, na ikimbie.

Walivuta kwa mikono, wazee na vijana pamoja, vile mtumbwi unavyovutwa kutoka ziwani, baba yuko mbele akiita, wengine wakiitikia na kurudi nyuma hatua moja. Akatoka wa kwanza, mweupe kwa vumbi. Akatoka wa pili. Kaka yangu alikuwa amewatanguliza wenzake, kama kawaida yake. Alipochomoza kichwa alikinga macho jua, akatuangalia wote, akauliza, "Nani amezima injini?"

Nilimzaba kofi. Halafu nikamkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Hapo ingekuwa imeisha, kwa watu wenye haya. Lakini mwenye shimo alisubiri watu wanywe maji, akajisafisha koo, akasema basi, imekuwa vizuri, Mungu ni mkubwa. Kamba ile haitashusha mtu tena, itavuta mawe tu. Niliposema hata mawe yakianguka yanaua aliye chini, akakunja uso akafikiri kidogo.

"Basi itoeni," alisema. "Kuna jamaa wa shimo la kule ng'ambo amekuwa akiitamani. Ataichukua."

Alisema hivyo mbele yetu sote. Mbele ya kaka yangu aliyekuwa bado ana alama ya katani kifuani. Kwamba kamba iliyooza apewe mtu mwingine, ashushe watoto wa mama wengine, mradi si hapa. Nilikaza mikononi kile kitambaa changu cha bure.

Baba alienda kwenye winchi. Akaifungua kamba yote, mzunguko baada ya mzunguko, akaiburuta chini, inang'aa kwa grisi yake mwenyewe. Kisha akaenda kwenye mtumbwi. Akautia bega, akausukuma mpaka ukapinduka, na maji yote yakamwagika kwenye mchanga. Akaokota tindo, ile patasi fupi ya kuvunjia mawe, na nyundo. Akapiga magoti mbele ya jiwe bapa, akalaza kamba juu yake, akaanza kukata.

Kukata kamba ya waya kwa tindo si mchezo. Ni mapigo mengi kwa kila kipande, na mikono ya baba si ya kijana. Alikata kipande kifupi, cha kushusha kuku tu, akakitupa pembeni. Akalaza tena. Kaka yangu alienda akakalia rundo lililobaki ili asije mtu akaliondoa.

"Wewe mzee!" mwenye shimo alipiga kelele. "Hiyo ni mali yangu! Unaniharibia kamba!"

Baba hakuinua kichwa.

"Niliiharibu zamani," alisema. "Leo naimaliza."

Nilikuwa bado na hasira naye. Ninayo mpaka leo, sitasema uongo. Alipiga nyundo, kamba ikateleza kwenye jiwe kwa sababu ya grisi, akakosa, akajaribu tena akakosa.

"Mama," aliniita, bila kunitazama. "Njoo unishikie hapa."

Nikaenda nikaizungushia kamba kitambaa changu, nikaishika kwa mikono miwili, akapiga.